Mwaka Niliomfufua Idi

Bi Pili alizikwa Alhamisi. Siku ya tatu, tulipokuwa ukumbini kwake Kaole tukimalizia uji, mjukuu wake mmoja alinisogelea na kuniuliza kama ni kweli bibi yake alikuwa anapenda hadithi za roketi. Aliuliza kwa sauti ya chini, akihofia labda ni jambo la kumvunjia marehemu heshima. Mkononi alishika simu, na kwenye kioo alionekana mama yake aliyeko Muscat, kajitanda ushungi, akiitikia dua pamoja nasi. Nikamwambia ni kweli tupu, na kwamba hicho alichokishika, cha kuonana uso kwa uso na mtu aliye ng'ambo, bibi yake alikijua zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kwa sababu Injinia Kombora alikiandika kwenye kitabu chake, na Bi Pili alituchosha nacho mchana kutwa. Wanawake wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikageuza mazungumzo. Ukimtaja Injinia Kombora lazima umtaje mpinzani wake, Mwalimu Falaki, na ukimtaja Mwalimu Falaki umeshafika kwa Bi Tatu. Hapo kwa Bi Tatu ndipo ninapopita haraka kila ninaposimulia mambo ya ujana wangu. Sasa wakubwa wote walionisikiliza mwaka ule wamekwisha, na sioni tena ninamkimbia nani.

Habari za kwetu nitaziacha, hazina jipya. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilitimiza miaka kumi na tisa, sina kazi, na jambo moja nililolijua vizuri lilikuwa kusoma kwa sauti bila kukwama. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanasuka ukili kila siku baada ya sala ya adhuhuri, chumba cha nyuma cha Bi Tatu. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja lililotazama kisimani, na harufu ya ukindu uliochemshwa na rangi haikutoka humo hata mlango ukishinda wazi. Wao walikaa chini, miguu wameinyoosha, kila mmoja na ukili wake ukirefuka pembeni. Mimi nilikalia mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yamefungwa kitambaa. Nilisoma mpaka alasiri, tukasali, tukaletewa mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, nikasoma tena mpaka mwanga wa dirishani uishe. Ujira wangu ulikuwa pima moja ya ukili kutoka kwa kila msukaji kwa kila kitabu nilichomaliza, na mkeka ninaosalia leo umeshonwa kwa kili za mwaka ule. Sharti lilikuwa moja, aliliweka Bi Tatu: msomaji asitangulie. Nikifunga kitabu kinabaki kwake, juu ya kabati, nisije nikajua mbele wakati wao hawajui.

Jinsi wasuka ukili wa Kaole walivyoingia kwenye hadithi za sayari sikuwahi kupata maelezo kamili. Nadhani ni Bwana Kanji, mwenye duka la misumari na vitambaa pale mjini Bagamoyo, ambaye aliuza pia vijitabu vilivyopigwa chapa Dar, na ambaye siku moja alikosa hadithi za mapenzi akampa Bi Pili kitabu cha Injinia Kombora. Baada ya hapo hawakutaka kingine. Wakagawanyika makundi mawili, na ugomvi wao nausikia mpaka leo. Bi Pili alikuwa mtu wa Injinia. Alimpenda kwa sababu alieleza kila kitu: upana wa mlango wa roketi, unene wa kioo, namna maji yanavyofanya yasiruke kutoka kikombeni. "Injinia hakufichi kitu," alisema. "Ukimaliza kitabu chake unaweza kumsaidia fundi." Bi Tatu alimjibu bila kuinua macho kwenye ukili wake. "Kurasa mia mbili, Bi Pili, hakuna aliyetia kitu tumboni. Hakuna mwenye mama. Watu gani hao?" Kwa Mwalimu Falaki, aliendelea, watu wanapika, wanagombana, wanakumbukana, hata kama nyumba yao inaelea. "Wanapikia moto gani huko juu?" Bi Pili aliuliza. "Mwalimu wako kasahau kutueleza moto." Na Bi Tatu akasema kwamba mwenye njaa haulizi moto. Niliwasikiliza nikiwa na kidole kwenye mstari, nikisubiri waniruhusu kuendelea. Nilikuwa na furaha wakati ule, nisiseme uongo.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Njia ya Zohali*, cha Mwalimu Falaki. Nahodha Rehema anaendesha chombo cha mizigo kati ya dunia na sayari ya Zohali, yeye na mwanawe wa pekee, na huyo mwana anaitwa Idi. Nilipolisoma jina hilo siku ya kwanza wote walimgeukia Bi Tatu. Bi Tatu naye alikuwa na mwana wa pekee, jina lake Idi, dereva wa malori ya mizigo yaendayo Lubumbashi, na ilikuwa inakaribia miaka minne hajaonekana. Lori lilikutwa ng'ambo ya mpaka, halina mzigo wala mtu. Nikataka kuliruka jina, nisome jingine lolote, lakini Bi Tatu akasema, "Soma, mwanangu. Majina ni ya wote." Tangu hapo aliisikiliza hadithi ile kwa namna nyingine. Kila kituo walichofika akina Rehema alikifananisha na mizani na mipaka ambayo Idi wake alikuwa akimsimulia. Pembeni yake alikaa Zainabu, mke wa Idi, aliyeishi naye siku mia mbili na kidogo tu kabla ya safari ile. Zainabu alinizidi miaka miwili na alikuwa rafiki yangu wa karibu. Shule hakuipata, alisuka kimya, na watu wote walijua kwamba Hamza, fundi mwashi wa Mlingotini, alikuwa amepeleka neno kwa shehe akimtaka. Shehe alijibu kwamba muda mrefu umepita, na kama mama mzazi atakiri kwamba hana habari yoyote ya mwanawe na amekata tamaa, yeye atalifikisha suala kwa wakubwa wake, Zainabu akae eda, awe huru. Kila kitu kilikuwa kwenye kauli ya Bi Tatu. Na nilimsikia kwa masikio yangu, asubuhi moja kisimani, akimwambia Bi Pili kwamba amechoka, na mtoto wa watu asifungwe kwa ajili ya kaburi lisiloonekana.

Siku chache baadaye nikafika ukurasa ule. Mlango wa ghala la chombo umelegea, Idi anavaa nguo za nje, anafungwa kamba kiunoni, anatoka kwenda kuukaza. Jicho la msomaji hutangulia mdomo kwa mstari mmoja au miwili, hilo huwezi kulizuia. Nikaona kamba inakatika. Nikainua macho kidogo tu kuvuta pumzi, nikaiona mikono ya Bi Tatu. Sikuwahi kuiona imesimama. Alisuka akila, akisinzia, akigombana, lakini sasa ukindu ulikuwa umelegea vidoleni. Nikasema, "Kamba ikakatika, lakini Idi akawahi kushika mpini wa mlango." Nikaendelea kumwingiza ndani, nikamfungia mlango, nikampa maji ya kunywa. Kitabuni halikuwemo hata neno moja la hayo. Mikono ya Bi Tatu ikaanza tena. Zilibaki kurasa thelathini na mbili, na kila mahali Nahodha Rehema alipomlilia mwanawe mimi nilisoma kwamba anamlilia fundi mitambo aliyefariki kwa homa. Bi Pili alishangaa mama anavyomlilia fundi kiasi kile, akasema labda palikuwa na jambo kati yao. Wote wakacheka. Jasho lilinitoka mpaka likalowesha kanga.

Mpaka leo najiuliza ilikuwa huruma au woga. Nikiwa mbele ya watu nasema huruma. Nikiwa peke yangu najua kwamba sikutaka kuwa mimi mwenye kulitamka. Nilidhani pia limekwisha siku ileile, kwa sababu kitabu kilikwisha. Halikuisha. Wiki ya pili shehe alikuja kusikia jibu, nami nilikuwa uani nikimsaidia Zainabu kuchambua mchele. Tulimsikia Bi Tatu ukumbini. "Shehe, mimi najua hadithi ni hadithi, sijarukwa na akili. Lakini yule mwalimu hanijui wala hamjui mwanangu. Kwa nini aandike jina lile, kamba ikatike, na bado amwache hai? Mimi siwezi kukata tamaa kabla ya mtu asiyenijua. Idi yu hai." Shehe alimwambia mambo mengi ya maana, na hakuna lililoingia. Zainabu aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilitaka kusema, nikaishia kuchambua naye.

Mfungo wa Ramadhani ulipita, na baada ya sikukuu Bi Pili alirudi kutoka mjini na habari. Bwana Kanji amemwambia kwamba Mwalimu Falaki ana kitabu kipya, muendelezo, kipo kiwandani, na kinaitwa *Waliorudi kutoka Zohali*. Kile chumba kilichangamka kana kwamba kuna harusi. Hata Bi Pili, mtu wa Injinia, alikubali kwamba anakitaka, ingawa alisema watu wa Falaki wakirudi watarudi jikoni moja kwa moja. Walibishana nani atarudi na nani atabaki, kama Rehema ataolewa, kama safari hii Mwalimu ataeleza moto. Bi Tatu hakubishana. Alilirudia jina la kitabu mara mbili, taratibu, kisha akaniuliza, "Amesema Waliorudi?" Nikamwambia ndivyo Bi Pili alivyosema. Kuanzia siku hiyo wenzangu walikuwa wanahesabu siku kwa hamu, na mimi nahesabu kwa hofu. Nilijua kitabu kile kimeandikwa na mtu ambaye kwake Idi amekufa. Nikilala kinanijia, nikila kinanijia. Nilianza kukonda, na mama akanitengenezea supu ya pweza.

Kila baada ya wiki mbili walinituma kwa Bwana Kanji kuuliza. Nilikwenda kwa miguu njia nzima nikiomba kisiwe kimefika, na kila nilipoambiwa karatasi hakuna kiwandani nilirudi nikijilazimisha kuweka uso wa huzuni. Safari ya tatu nilikaa mpaka wateja wakaondoka. Bwana Kanji alikuwa mzee mwembamba, miwani puani, na kila kitabu alikisoma kwanza mwenyewe kabla ya kukiweka kwenye rafu.

"Bwana Kanji, Bi Tatu akikuuliza habari za Idi wa kitabu cha kwanza, utamwambiaje?"

"Idi yule aliyekatikiwa kamba?"

"Huyo."

Aliniangalia juu ya miwani. "Mimi mwisho wa kitabu simwambii mtu. Mke wangu mwenyewe simwambii. Kwani wewe ulimsomea nini?"

Nikamweleza. Alichukua muda mrefu akipanga misumari iliyokuwa imepangika. "Basi mwambie wewe, Asha," alisema. "Mwambie kabla kitabu hakijafika. Akija kuniuliza mimi, sitasema mwisho, lakini uongo pia sitasema."

Nilimwahidi. Nilikwenda kwa Bi Tatu kesho yake, na sahani ya bokoboko kama kisingizio, nikamkuta anasuka msala mpya wenye nakshi za zambarau. Akaniambia ni wa Idi, ule wa zamani umeliwa na panya. Alinionyesha pale atakapoushonea ukingo. Nikala bokoboko langu mwenyewe, nikaondoka. Nilijaribu tena siku nyingine mbili, na mara zote nilijiambia kitabu bado, muda upo.

Zainabu alikuwa ananingojea kisimani jioni, na hiyo ilikuwa adhabu nyingine. Hamza alikuwa amemwambia atasubiri mpaka masika yaishe. Masika yaliisha. Siku moja, ndoo zetu zimejaa na hakuna anayenyanyua, aliniuliza kama Mwalimu Falaki ana watoto. Nikasema sijui.

"Si angemuua tu yule Idi," alisema. "Mwandishi gani anaogopa kuua mtu wa karatasi? Injinia angemuua, na mimi leo ningekuwa kwangu."

Nilisimama pale nikitazama maji ya ndoo. Kama ningesema siku hiyo, Hamza alikuwa bado hajaposa kwingine; hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi maishani mwangu na haibadiliki. Miezi miwili baadaye alioa binti wa Mlingotini kwao. Tulialikwa mtaa mzima, na Zainabu akasema akikataa kwenda watu watamsema, nimsindikize. Nikamsindikiza. Tulikaa mkeka mmoja, tukala.

Kitabu kilifika mwezi uliofuata, na sikukileta mimi. Bi Tatu alikwenda mjini mwenyewe, akakinunua, akakiweka juu ya kabati siku mbili kabla ya kutuita. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Nilikifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa dua: Nahodha Rehema anamwombea mwanawe marehemu, jina lake limetajwa mara tatu, na baada ya hapo hakutajwa tena. Nikasoma kwamba wanamwombea fundi mitambo, na Idi amesimama pembeni, anaitikia amina. Nikaendelea ukurasa wa pili, wa tano, wa kumi, nikimchomeka Idi popote palipokuwa na nafasi: Idi akasema, Idi akacheka, Idi akaleta chai, Idi akatengeneza taa. Bi Pili alifurahi kwamba hatimaye kuna mtu anayetengeneza taa. Bi Tatu alisuka bila kusimama mpaka tukaitwa na adhana ya alasiri. Wenzake waliponyanyuka kwenda kutia udhu akaniambia nibaki.

Alikichukua kitabu, akafungua ule ukurasa wa kwanza. "Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini Idi alikuwa ananiletea barua, na chini anaweka jina. Kijiti, kitumbo, kijiti. Nalijua kama ninavyoujua uso wake." Aliweka kidole juu ya jina, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakukosea. "Siku mbili nimekaa na kitabu hiki. Nimepekua ukurasa mmoja mmoja. Yupo hapa tu. Kwingine kote hayupo. Sasa wewe leo umemtoa wapi?"

Nilipiga magoti. Hakunigusa wala hakunikemea. Alifungua kabati, akatoa *Njia ya Zohali*, akanipa. "Nisomee alivyokufa. Kama ilivyoandikwa." Nikasoma. Kwa kweli ilikuwa mistari minne tu. Kamba inakatika, Idi anamwita mama yake mara moja, na nyota hazionyeshi kama zimesikia. Bi Tatu alisikiliza akiwa amekaa wima. Alinitaka nirudie, na nikarudia, na maneno yalikuwa yaleyale. Akashusha pumzi ndefu, akasema innalillahi, kisha akamwita Zainabu kutoka uani.

"Asha ana neno lako," alimwambia. "Aseme yeye, nisiseme mimi."

Nikasema lote, kuanzia mikono iliyosimama hadi duka la Bwana Kanji. Zainabu alikuwa na maji ya udhu usoni, na hakuyafuta. Aliuliza jambo moja: nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu siku ileile.

"Ulikula pilau ya Hamza," alisema. "Ulikuwa pembeni yangu, ukaniambia imeiva vizuri."

Ijumaa Bi Tatu alikwenda kwa shehe na kukiri, ikasomwa khitma ya Idi, watu wakaja na mchele na nazi kama matanga mengine yoyote, ingawa hakukuwa na jeneza. Suala lilipokwisha kupita kwa wakubwa wa shehe, Zainabu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile. Nilidhani usomaji umekufa. Lakini Bi Pili na wenzake walitaka kujua kitabu kinaishaje, na Bi Tatu akanitumia ujumbe nije, nisome kilichopo. Nilipokaa kwenye mbuzi Zainabu alihama mahali pake, akaja kukaa ubavuni kwangu, bega kwa bega, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hapa pameandikwaje?" Nikamsomea neno. Akasogeza kidole. "Na hapa?" Tulikwenda hivyo neno kwa neno, ukurasa mmoja kwa mchana mzima, na siku nyingine hata nusu. Wasukaji walinung'unika, Bi Tatu akawaambia waliobanwa na muda waende kwa Injinia. Mwezi wa pili kidole cha Zainabu kilianza kupita maneno mafupi bila kuniuliza. Mwezi wa tatu aliniuliza marefu tu. Kwingine kote hakusema na mimi, si uani, si mlangoni, na mambo yake nilikuja kuyasikia kwa watu, kwamba anatakwa Mkange na mgane mwenye shamba, kwamba amekubali, kwamba atakwenda mara akitoka eda.

Siku eda ilipokwisha zilikuwa zimebaki kurasa sita. Zainabu alioga, akavaa nguo mpya, akaja ubavuni kwangu kama kawaida, nami nikafungua kitabu tulipoishia. Sikuwahi kufika neno la kwanza. Alikichukua mikononi mwangu, bila hasira, akaniambia nisogee, akakalia mbuzi yeye. Akasoma zote sita, polepole, akirudia maneno yaliyomshinda mpaka yakamkubali, na hakuna aliyelalamika. Bi Tatu alinitazama, mikono yangu mitupu mapajani. Akanisukumia fungu la ukindu.